Vitufe vizito, noti zinazopotea: je, piano yangu ya bei nafuu inaniharibia mkono?

"Habari za kazi, fundi. Nina umri wa miaka 34 na nimejifunza piano kwa miezi 14. Nyumbani natumia piano ya kidijitali ya vitufe 88, ile ya chini kabisa kwa bei katika orodha ya mtengenezaji wake. Nimeiweka juu ya meza ya chakula na napiga usiku kwa hedifoni, watoto wakishalala. Kwa mwalimu wangu kuna piano ya wima ya nyuzi. Mambo yanayonisumbua ni matatu. Kwanza, vitufe vya nyumbani naviona vizito, hasa nikiingiza vidole ndani katikati ya vile vyeusi, na baada ya nusu saa mkono unaniuma kuanzia kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko. Pili, nikifika kwa mwalimu noti zangu za upole zinapotea. Nabonyeza na hakuna kinachosikika, naye ananiambia mkono wangu ni mwepesi mno. Tatu, nikirudiarudia noti moja upesi nyumbani, nyingine hazitoki kabisa. Rafiki yangu mmoja anasema nivumilie, vitufe vizito ndivyo vinavyokomaza vidole. Mwingine anasema piano za kidijitali huharibu mkono, bora niiuze mapema. Nimsikilize nani?"

Ndugu yangu, naona umekaribia kuuza chombo ambacho bado hujakijua vizuri. Piano za aina hiyo nimezipiga, nimezifundishia, na kwa miaka mingi nimekuwa nikizifungua mezani, nazisafisha na kubadilisha mipira yake. Mambo yako matatu yanafanana kwa nje, lakini kila moja lina chanzo chake. Nitaanza na maumivu kwa sababu hayo hayasubiri.

Umetaja kwa kupita tu kwamba piano iko juu ya meza ya chakula. Niliposoma hapo nikasimama. Katika piano ya nyuzi, iwe ya wima au ya mlalo, uso wa vitufe vyeupe huwa karibu sm 73 kutoka sakafuni. Meza ya kulia chakula peke yake ina kimo cha sm 75 hivi. Ukiweka piano juu yake, vitufe vinaongeza kama sm 10 nyingine, na unajikuta unapiga kwenye sm 85. Ukikaa kwenye kiti cha meza hiyohiyo, viwiko vyako vinabaki chini ya vitufe. Mabega yanapanda, kifundo cha mkono kinakunjika ili vidole vifike juu, na kila noti inavutwa na kano zinazopita kwenye kona badala ya kupita kwenye njia iliyonyooka.

Vidole vyenyewe havina misuli ya kuvikunja. Misuli mikubwa inayovikunja iko kwenye mkono, kati ya kiwiko na kifundo, nayo huvuta vidole kwa kano ndefu kama kamba. Pale pale unapoumia wewe. Kwa hiyo kabla hujailaumu mashine ya vitufe, shusha piano. Tafuta stendi inayorekebishika kimo, isiyotikisika, uiweke mahali ambapo viwiko vyako, mabega yakiwa yamelegea, vitakuwa sawa na vitufe au juu yake kidogo. Kama stendi haipatikani upesi, pandisha kiti kwa kitu kigumu, na usisahau kuweka kisanduku chini ya miguu, maana miguu inayoning'inia huhamishia kazi mgongoni. Na hadi utakapofanya hivyo, ishia dakika 15 kila unapokaa, kisha pumzika. Mkono ukianza kuuma, funga piano usiku huo hata kama wimbo umebaki mistari miwili.

Sasa tuingie ndani ya piano.

Kwenye piano ya mwalimu wako, kitufe ni ncha moja tu ya wenzo. Unapokishusha, ncha ya pili inainuka na kusukuma msururu wa vipande vya mbao, na mwisho wa msururu huo kuna nyundo ndogo yenye kichwa kilichofunikwa sufu iliyoshindiliwa. Nyundo hiyo haisukumwi hadi kwenye uzi. Ikibakiza kama milimita mbili au tatu kuufikia, kidude kinachoisukuma kinachomoka, na nyundo inamalizia safari peke yake, kama jiwe lililokwisha kutoka mkononi. Inagonga, inarudi, na uzi unabaki huru kulia. Bila kuachiwa hivyo nyundo ingeganda kwenye uzi na sauti ingezimika papo hapo. Bartolomeo Cristofori alilitatua jambo hili huko Florence, Italia, karibu na mwaka 1700, na karibu kila piano ya nyuzi iliyofuata imejengwa juu ya wazo hilo. Ukitaka kulihisi, bonyeza kitufe cha mwalimu wako polepole sana, polepole kuliko unavyodhani inatosha. Karibu na chini utakutana na kijigingi kidogo, kama kitu kinachokataa kisha kinakubali. Hapo ndipo nyundo inapoachiwa.

Tunza picha hiyo ya jiwe, kwa sababu ndani yake mna jibu la swali lako la pili.

Piano yako ya nyumbani haina uzi wa kugongwa. Chini ya kila kitufe kuna mkono wa plastiki wenye kipande cha chuma unaoiga uzito wa nyundo, na chini au nyuma ya kitufe kuna kikombe kidogo cha mpira. Ndani ya kikombe mna vijidonge vyeusi vya kaboni, viwili au vitatu, vilivyopishana kimo. Kitufe kikishuka, cha kwanza kinagusa bodi ya saketi, kisha cha pili. Kompyuta iliyomo inapima jambo moja tu, yaani muda uliopita kati ya mguso wa kwanza na wa pili. Muda mfupi maana yake kitufe kilikwenda kasi, basi sauti kubwa. Muda mrefu, sauti ndogo. Kasi hiyo inageuzwa kuwa namba kati ya 1 na 127, kwa utaratibu wa MIDI, lugha ya pamoja ya vinanda vya umeme, ambao watengenezaji walikubaliana mwaka 1983 na tunautumia hadi leo. Piano haijui umebonyeza kwa nguvu kiasi gani, wala haijui kama kidole chako ni kinene au chembamba. Inajua muda tu.

Nimeona watu wazima wakikasirika wanapoelezwa hivi, kana kwamba wamedanganywa. Sioni sababu. Hata kwenye piano ya nyuzi, ukubwa wa sauti unatokana na kasi ya nyundo wakati inapoachiwa. Tofauti kubwa iko kwenye njia ya kuifikia kasi hiyo, na hapo ndipo uzito unapoingia.

Neno "uzito" linabeba mambo mengi, na rafiki zako wote wawili wamelitumia bila kulifungua. Kuna uzito wa kitufe kilichotulia, ambao mafundi tunaupima kwa kuweka vijiwe vya mizani kwenye ukingo wa mbele hadi kitufe kianze kushuka polepole chenyewe. Kwenye piano nzuri ya mlalo ni gramu 50 hivi katikati, zaidi kidogo upande wa besi na pungufu kidogo upande wa noti za juu. Kisha kuna kile unachokihisi unapopiga haraka, nacho ni ukaidi wa kitu kizito kuanza kutembea. Sukuma mlango mzito uliotiwa mafuta vizuri. Mwanzoni unakataa, ukishaanza unakwenda wenyewe. Nyundo iko hivyo. Vinanda vyepesi vyenye springi tupu ni kinyume chake, maana mwanzoni vinashuka kirahisi, na kadiri unavyoshuka ndivyo springi inavyokusukuma nyuma. Mkono uliozoea springi hupotea kabisa kwenye nyundo. Kwa bahati nzuri, piano za kidijitali za vitufe 88, hata nyingi za bei ya chini, zina nyundo, na besi yake ni nzito kuliko noti za juu kama inavyotakiwa. Huenda hata ukikipima kitufe chako kikiwa kimetulia ukute gramu zake hazipishani sana na za mwalimu. Mbona basi kinakuchosha?

Kwa sababu ya egemeo. Hiki ndicho kipengele ambacho matangazo hayakitaji, nacho ndicho ninachokitazama kwanza nikifungua piano ya bei nafuu.

Kitufe ni wenzo, na wenzo una egemeo, mahali unapobembea. Sehemu unayoiona ya kitufe cheupe ina urefu wa sm 15 hivi, lakini kitufe kinaendelea kuingia ndani hadi kwenye egemeo. Ili piano iwe nyembamba, nyepesi na rahisi kubeba, mtengenezaji analisogeza egemeo karibu na mbele. Tuseme kwako liko sm 20 kutoka ukingoni. Ukibonyeza ukingoni kabisa, una sm 20 zote za kukusaidia. Ukiingiza kidole sm 14 ndani, katikati ya vitufe vyeusi kama ulivyoeleza, umebakiwa na sm 6. Nguvu unayohitaji inakuwa zaidi ya mara tatu ya ile ya ukingoni. Na si nguvu pekee. Kitufe kinachoshuka milimita 10 ukingoni, hapo ndani kinashuka milimita 3 tu. Umepewa kazi nzito zaidi na nafasi finyu zaidi ya kuifanyia, ndiyo maana huko ndani noti zako ama hazitoki ama zinatoka kwa kishindo.

Kwenye piano kubwa ya mlalo, egemeo likiwa tuseme sm 25 kutoka ukingoni, kidole hichohicho kina sm 11 za wenzo. Nguvu inaongezeka kidogo zaidi ya mara mbili, na kitufe kinashuka zaidi ya milimita 4. Tofauti hiyo vidole huijua kabla ya akili.

Unaweza kulithibitisha jambo hili leo. Piga noti moja nyeupe kwenye ukingo wa mbele, kisha sogeza kidole sentimita moja moja kwenda ndani huku ukijaribu kutoa sauti ileile. Pale utakapoanza kukaza mkono, weka alama akilini. Hapo ndipo mpaka wa piano yako ulipo. Hakuna kitufe cha mipangilio kitakachousogeza, wala fundi hawezi kuurekebisha. Unachoweza ni kuchagua vidole kwa hekima. Pale wimbo unapokuruhusu, weka kidole gumba na kidole cha mwisho kwenye vitufe vyeupe bila kuzama ndani, na usogeze mkono mzima mbele na nyuma badala ya kuganda mahali pamoja. Ongea na mwalimu wako juu ya vidole vilivyopendekezwa kwenye noti. Viliandikwa kwa vitufe virefu, na mwalimu mzuri hatakasirika ukimwomba njia nyingine kwa ajili ya mazoezi ya nyumbani.

Nirudi sasa kwenye lile jiwe. Noti zako za upole zinapotea kwa mwalimu kwa sababu nyundo yake hairushwi kwa kasi ya kutosha kumaliza zile milimita za mwisho. Unakishusha kitufe hadi chini, lakini polepole mno. Nyundo inaachiwa, inakosa mwendo, inaanguka. Kimya. Piano nyingi za kidijitali hazina ukatili huo. Ukibonyeza polepole sana, zinakupa noti ndogo na kusamehe. Miezi 14 umekuwa ukisamehewa, na mkono ukaweka kumbukumbu kwamba hapo ndipo upole ulipo. Mwalimu akisema mkono wako ni mwepesi, anachosikia ni huo msamaha, na hakina uhusiano na udhaifu wa misuli yako.

Hedifoni nazo zimechangia, nashuku. Mkono hupima uzito kwa sikio pia. Sauti ikiwa juu sana kwenye hedifoni, mguso hafifu unakuja umejaa, nawe unaridhika na kuishia hapo. Sauti ikiwa chini sana, unaanza kutwanga ukitafuta sauti, na kitufe kilekile kinaonekana kizito. Nimewahi kumpa mwanafunzi piano moja mara mbili, nikigeuza tu sauti bila kumwambia, akaniuliza ya pili nimeitoa wapi maana vitufe vyake ni vyepesi zaidi. Kwa dalili zako nadhani wewe uko upande wa sauti ya juu. Fanya hivi: siku ya somo, piga kwa mwalimu noti tatu nne kwa nguvu ya kawaida ya mazungumzo, na uzisikilize kwa makini zinavyojaa chumba. Ukifika nyumbani, kwa mguso uleule, rekebisha sauti ya hedifoni hadi zifanane. Kisha usiiguse tena. Weka alama ya penseli kwenye piano kama ni ya kuzungusha. Sauti iliyoshuka italinda masikio yako pia.

Halafu kuna mpangilio wa mguso. Karibu kila piano ya kidijitali ina hatua tatu au zaidi, kama laini, wastani na ngumu, na soma kijitabu chake maana mara nyingi unashika kitufe cha kazi fulani huku ukibonyeza noti. Mpangilio huu haubadilishi uzito wa kitufe hata kwa gramu moja. Unabadilisha tu kasi gani itoe sauti gani. Najua kitakachokuvuta, kwani ukiweka "laini" utajisikia umepumzika, sauti itatoka kwa juhudi ndogo na vitufe vitaonekana vyepesi. Lakini tatizo lako la pili litazidi kuwa baya, kwa sababu utakuwa umenunua msamaha mwingine. Mimi ningekuweka kwenye "wastani" kwa wiki mbili baada ya kushusha piano, kisha kwenye "ngumu" kama mkono hauumi. Hapo utalazimika kuipa nyundo yako ya plastiki kasi inayokaribia ile ambayo nyundo ya mwalimu inadai. Ikiwa mkono bado unauma, baki kwenye wastani. Noti za upole zinaweza kusubiri.

Kuhusu noti zinazorudiwa, hapa kuna uwezekano wa aina tatu na jaribio dogo la kuzitenganisha. Bonyeza kitufe kimoja, kiache kipande juu hadi nusu tu, kisha kibonyeze tena. Kama noti haikutoka, basi huenda piano yako ina sensa mbili, yaani migusano miwili tu ya kaboni chini ya kila kitufe, na kitufe lazima kipande hadi juu ya sensa ya kwanza ndipo mashine ikubali kwamba umeanza noti mpya. Zenye sensa tatu zinakubali kurudia kabla kitufe hakijafika juu, kwa kuiga kile alichobuni mtengenezaji wa piano Sébastien Érard, kilichopewa hataza mwaka 1821, kwa ajili ya piano za mlalo. Sasa rudia, ila safari hii kiache kipande kabisa hadi juu kila mara, polepole kwanza. Noti zote zikitoka, mashine ni nzima na kazi iliyobaki ni ya kidole kujifunza kuachia. Na usidhani hilo ni kosa la kidijitali tu. Hata piano ya wima ya mwalimu wako inataka kitufe kipande zaidi kuliko ile ya mlalo kabla haijaweza kurudia, kwa hiyo zoezi hilo litakufaa huko pia.

Zikikosekana hata baada ya kuachia kabisa, au kitufe kimoja kinapiga kelele ghafla kuliko jirani zake, huo ni uchafu au mpira uliochakaa. Juzi nilifungua piano ambayo do ya katikati ilikuwa inalia kwa nguvu zote kila ikiguswa, hata kwa unyoya. Niliinua ukanda wa mipira, nikageuza kikombe kwenye mwanga, na hapo ndani ulikuwepo unywele mmoja mfupi, umejikunja juu ya alama ya kaboni ya kwanza. Ulichelewesha mguso wa kwanza. Wa pili ukafuata mara moja, muda kati yao ukawa mfupi mno, na kompyuta ikaamini kwamba kidole kimeshuka kama radi. Kitambaa kisichoacha nyuzi, matone machache ya spiriti safi, basi. Kazi hiyo mpe fundi, hasa kama dhamana haijaisha, kwa sababu mikanda hiyo ikirudishwa ikiwa imekaa upande, utapata matatizo kumi badala ya moja.

Sasa rafiki zako.

Anayekuambia vitufe vizito vinakomaza vidole anarudia imani ya zamani sana, nayo imewaumiza watu. Robert Schumann, mtunzi wa Ujerumani, alipoteza uwezo wa kawaida wa mkono wake wa kulia akiwa kijana, mwanzoni mwa miaka ya 1830, na mara nyingi inasimuliwa kwamba alikuwa akitumia kifaa cha kuimarisha vidole. Wanahistoria wanabishana juu ya chanzo halisi, lakini jambo moja halina ubishi: aliyetaka kuwa mpigaji wa majukwaani aliiacha ndoto hiyo akageukia utunzi. Kupiga piano kunahitaji nguvu kidogo mno. Gramu 50 ni uzito wa yai. Kinachohitajika ni wakati sahihi na kuachia misuli mara noti ikishatoka. Wala uzito tulio nao leo haukushuka kutoka mbinguni. Piano za Vienna za wakati wa Mozart zilikuwa na vitufe vyepesi zaidi na visivyoshuka sana kama vya sasa, na muziki ule ulizaliwa juu ya hivyo. Uvumilivu unaoambiwa uwe nao, ndugu yangu, ukiufanya juu ya meza ya sm 75, ni njia ya moja kwa moja ya kuvimbisha kano.

Anayesema kidijitali inaharibu mkono naye amechukua ukweli mdogo akaukuza. Kitufe chenye egemeo fupi hakikufundishi vibaya kwenye ukingo wa mbele, na huko ndiko unakopiga noti nyingi za miezi 14 ya kwanza. Kinaanza kukuzuia unapofika kwenye nyimbo zenye vitufe vyeusi vingi, noti za kurudia upesi, na tofauti ndogondogo kati ya upole na upole zaidi. Utakutana navyo, pengine mwaka ujao. Piano uliyo nayo, inayokuruhusu kupiga usiku watoto wakiwa wamelala, inakupa saa za mazoezi ambazo ile ya mwalimu isingekupa. Mimi siuzi kitu kama hicho kabla ya kukijaribu kikiwa kwenye kimo chake.

Kwa hiyo ushauri wangu ni usiuze sasa. Rekebisha kimo, sauti na mguso, na ukae hivyo kwa wiki sita. Baada ya hapo, kama maumivu yameisha lakini kidole bado kinakwama ndani katikati ya vitufe vyeusi, au noti za kurudia zinakukwamisha kwenye wimbo ambao kwa mwalimu unaupiga, basi umefika kwenye mpaka wa mashine yenyewe na una sababu nzuri ya kutafuta nyingine.

Utakapotafuta, usitishwe na majina ya mashine za vitufe, ila yajue. Ile inayoitwa GHS ya Yamaha, iliyomo kwenye P-45 na P-125, ina sensa mbili. PHA-4 ya Roland, iliyomo kwenye FP-10 na FP-30X, ina sensa tatu pamoja na kile kijigingi cha kuachiwa nyundo, na kwa mkono wangu ni nzito zaidi. Casio waliweka sensa tatu kwenye Privia PX-160 na PX-770. Wapo wapigaji wazuri wanaopenda GHS kwa sababu haiwachoshi, na wapo wasioweza kuishi bila sensa ya tatu. Kwa dalili zako ningeweka sensa tatu mbele, na urefu wa egemeo mbele zaidi. Urefu huo huandikwa mara chache sana, kwa hiyo utumie kidole chako kama kipimo. Angalia pia uso wa vitufe, kama unateleza mkono ukitoa jasho, na usikilize kishindo cha vitufe vyenyewe piano ikiwa imezimwa. Kishindo hicho hedifoni hazikizimi, na anayelala chumba cha chini atakisikia.

Piano kuukuu ya nyuzi nayo ni njia, lakini uende na fundi. Nyingine zina vitufe vizito kuliko chochote kilichoko dukani, kwa sababu ya unyevunyevu uliovimbisha vitambaa vya egemeo.

Kuna mambo mawili ambayo mimi kwa barua siwezi kuyatatua. La kwanza ni mkao wa mkono wako. Mwombe mwalimu akutazame, au umrekodie video ya dakika mbili ukiwa kwako, kamera ikiwa pembeni kwenye usawa wa vitufe, ili aone kiwiko, kifundo na bega kwa pamoja. Anachokiona wiki baada ya wiki kwenye piano yake si kile unachokifanya mezani kwako. La pili ni maumivu yenyewe. Kama hayajapungua wiki mbili baada ya kushusha piano na kufupisha mazoezi, au ukianza kuhisi ganzi, vidole kuwasha kama vimechomwa sindano, mkono kuvimba, kuamka usiku kwa maumivu, au vitu kukuponyoka, acha kupiga na umwone daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mwambie wazi kwamba unapiga piano, na umwonyeshe kwa ishara jinsi unavyokaa. Kano zikiwahiwa hupona vizuri. Zikilazimishwa kwa miezi, zinaweza kukunyang'anya mwaka mzima.

Siku utakapoingia dukani kujaribu piano, usianze na wimbo unaoujua vizuri, kwa sababu mikono itaupita tu. Kaa kwenye kimo sahihi, vaa hedifoni zako mwenyewe, na upige skeli ya si bemol mkuu kwa mikono miwili, polepole, kwa sauti ndogo kuliko zote unazoweza kuzitoa. Skeli hiyo ina vitufe viwili vyeusi, na itakulazimisha kuingia ndani na kutoka. Kisha rudia noti moja kwa vidole vitatu vikipokezana, ukiacha kitufe kipande nusu tu. Mwisho, weka kidole sm 14 ndani na utafute noti ya upole. Fanya hayo kwenye piano mbili tatu bila kutazama majina yake wala bei, ukirudi tena kwenye ya kwanza baada ya kupumzika dakika kumi, maana mkono uliochoka huona kila kitu kizito. Ile ambayo utagundua umepiga dakika 20 bila kufikiria vitufe, ndiyo ya kuulizia bei.